Mlinzi wa Chupa Kumi na Mbili

Mwalimu hakuwahi kubisha hodi kwenye duka langu. Alisogeza pazia kwa mkono wa kushoto, akaingiza kichwa kwanza kana kwamba anahakikisha hajakosea nyumba, kisha akauliza swali lake lilelile: "Fundi, chai iko?" Chai ilikuwepo kila siku, naye alijua. Lakini hakuketi mpaka nijibu. Kama nimebana pini mdomoni na siwezi kusema, alibaki palepale mlangoni, nusu ndani nusu nje, wateja wakapenya ubavuni mwake na kumwamkia kwa heshima huku wakininong'oneza kwamba mzee anaziba njia.

Mimi ni fundi cherehani wa Gikondo, mtaa mmoja wa Kigali. Babu yangu alifika huku na marobota ya vitambaa kutoka upande wa pwani, akaoa Mnyarwanda, akabaki. Kwa hiyo mimi ni Mnyarwanda, Mwislamu, na mtu wa vitambaa kabla sijaota meno. Pombe sijaionja maishani. Nayasema haya mapema ili msomaji asinitarajie nimweleze mvinyo una ladha gani, maana habari hii imejaa mvinyo, na yote ninayoyajua kuhusu mvinyo niliyajua kwa kumtazama mtu mwingine ambaye naye hakuwa anakunywa.

Kazi ya Mwalimu ilikuwa kuwafundisha wageni lugha. Madaktari, wahandisi, watu wa mashirika, wote walipita mikononi mwake, Kinyarwanda asubuhi na Kiswahili mchana. Alikuwa mkali. Mwanafunzi akichelewa alimkuta ameshafunga daftari na kuvaa kofia. Yeye mwenyewe, hata hivyo, alichelewa kila mahali. Alichelewa kanisani, alichelewa mazishini, na nasikia harusi ya binti yake ilimsubiri mpaka mapambo yakaanza kunyauka. Mahali pekee ambapo hakuchelewa ni dukani kwangu. Jua likianza kuushukia mlima Kigali, pazia linasogea. Wakati huo niliamini ni kwa sababu ya umbea wangu, ambao, bila kujisifu, ulikuwa mzuri.

Siku moja dada mmoja mhandisi, mwanafunzi wake, alikuja kuchukua gauni. Akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi, "Niwie radhi, fundi, je, vazi langu limekamilika?" Nilikuwa bado nacheka moyoni pale pazia liliposogea na Mwalimu akaingiza kichwa. "Fundi, ile suruali yangu iko? Na chai iko?" Yule dada alimtazama kama mtoto aliyemkuta padri anacheza karata. Alipoondoka nilimuuliza Mwalimu kwa nini Kiswahili kizuri anawapa wageni na mimi ananipa makombo. Akasema, "Darasani nauza. Hapa nakaa." Nikamsamehe.

Alikuwa na mdomo mtamu, kwa hiyo hakuna familia ya mtaani iliyokwenda kuposa bila kumtafuta. Aliketi mstari wa mbele akiwa na soda yake ya limau, na zamu yake ya kusema ikifika hata watoto walinyamaza. Lakini kitu alichokipenda kuliko hotuba zake ni gusogongera. Kwa Wanyarwanda, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako na kumeza, ndipo akukabidhi, ili ujue hakuna ubaya ndani. Siku hizi vijana wanaruka hatua hiyo, wanagawa chupa kama wanagawa tiketi. Mwalimu hakuruka. Niliwahi kumwona akimzuia bwana harusi mtarajiwa, mtu mwenye suti niliyoishona mimi mwenyewe, asimpe mkwewe chupa mpaka aionje. Kijana akaonja, akameza, na Mwalimu akamtazama koo mpaka likapanda na kushuka.

Kwangu hakuwahi kuyadai hayo. Chai nilimmiminia tu na yeye akainywa tu, na sikuona ajabu yoyote, maana chai ni chai.

Sasa niingie kwenye shimo. Nyuma ya nyumba ya Mwalimu, juu kwenye mteremko, kulikuwa na shimo la zamani ambalo wenyeji waliotangulia walilitumia kuivishia ndizi za kutengenezea urwagwa, pombe ya ndizi. Wao huliita urwina. Huwekwa ndizi ndani, hufunikwa kwa majani na udongo, na joto la chini huziivisha. Mwalimu alikuwa amelichimba zaidi, akalijengea kuta za matofali na mlango wa mbao wenye kufuli. Ndani mlikuwa na ubaridi wa kupendeza hata kiangazi. Na ndani humo zilisimama chupa kumi na mbili za mvinyo mwekundu.

Hazikuwa zake. Zilikuwa za Daktari, mzungu mmoja mpole aliyefanya kazi hospitali ya Kibagabaga zamani, enzi ambazo simu ya mkononi ilikuwa nzito kama nusu tofali. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, na Mwalimu akawa mgonjwa wake. Maana Mwalimu, na hili mtaa wote ulilijua ila ulilisema kwa sauti ya chini, alikuwa mlevi. Sio mlevi wa Jumamosi. Alikuwa mlevi wa kubebwa. Daktari alimpima, akamketisha, akamwambia kwamba ini lake limechoka, na kwamba akiendelea hivyo yeye Daktari atalazimika kumzika kabla hajajua kuhesabu mpaka mia kwa Kinyarwanda.

Mkataba wake wa kazi ulipokwisha, Daktari alifika nyumbani kwa Mwalimu na sanduku la mbao. Lilikuwa na mvinyo aliourithi kwa baba yake, wa shamba moja na mwaka mmoja, uliokwisha kuwa wa zamani hata siku hiyo. Alimwambia hawezi kusafiri nao. Akamwomba amlindie, na akamwahidi kwamba siku atakayorudi watafungua pamoja. Mke wa Mwalimu, ambaye sote tulimwita Mukecuru kwa mapenzi ingawa wakati huo hakuwa mzee hata kidogo, alisema mzungu huyu amerukwa na akili, anawezaje kumpa mlevi pombe alinde. Alitegemea sanduku litakuwa tupu kabla ya ibada ya Jumapili.

Halikuwa tupu Jumapili ile, wala Jumapili iliyofuata. Mwalimu alinunua kufuli. Kila Jumamosi asubuhi alishuka shimoni na kitambaa cha kupangusia vumbi, akakaa huko kidogo, akapanda na kufunga. Hakugusa tone la mvinyo ule, na kwa kuwa mlinzi hawezi kufika kazini akiwa amelewa, hakugusa tone la kitu kingine chochote. Mukecuru aliniambia kwamba miezi ya mwanzo alikuwa akisimama dirishani kila Jumamosi, amejishika mdomo, akimsubiri apande. Sasa alikuwa hasimami tena, ila alikiri kwamba sikio bado hulitega.

Vitambaa ndiyo sehemu yangu katika hadithi hii. Unyevu wa shimo ulizila zile karatasi za chupa mpaka zikabaki utando mweusi. Mwalimu akaanza kuniomba vipande. Hakuomba hovyo. "Nipe kidogo ya ile kitenge ya Mukecuru, ile iko na ndege." "Ile shati ya muchungaji ulikata mikono, mikono iko wapi?" Alitaka kipande cha sare ya shule ya binti yake, na cha koti la yule dereva wa pikipiki aliyekuwa akimrudisha nyumbani usiku bila kumdai. Koti jeupe la Daktari nililitia viraka mwenyewe kabla hajasafiri, na mabaki yake yakaenda shimoni pia. Kila chupa ilifungwa kitambaa shingoni. Nilidhani anaweka alama ili asichanganye aina za mvinyo. Nilipokuja kujua kwamba zote kumi na mbili zilikuwa mvinyo mmoja, nilimuuliza alama ni za nini. Akasema, "Kila chupa iko na mwenyewe." Yaani alikuwa ameshazigawa akilini, kwa watu waliomvuta kutoka kwenye dimbwi la ulevi, na siku Daktari akirudi angemwomba ruhusa.

Mimi hujisifu, na wanaonijua wamezoea, kwamba hakuna kitambaa kilichopita mikononi mwangu nikakisahau. Siku aliyonishusha shimoni mara ya kwanza nilivisoma vile vitambaa kimoja kimoja kwa sauti, huyu fulani, huyu fulani, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Nilikwama kwenye kimoja tu, cha miraba ya kijani na manjano, rangi bado kali kama kimetoka kwenye jora. Nilisema hicho hakijapita kwangu. Mwalimu akasema pengine, akazima tochi.

Siku hiyo hakunishusha kwa matembezi. Daktari alikuwa amemwandikia ujumbe kwamba anakuja kiangazi hicho, miguu imechakaa lakini bado inatembea, na kwamba ana kiu. Mwalimu alikuwa ameusoma ujumbe huo dukani kwangu kwa furaha iliyomfanya asahau chai ikapoa. Kisha akashuka shimoni, na kwa mara ya kwanza akazimulika chupa zake kwa tochi kutoka nyuma, kama tunavyomulika yai. Mvinyo ulikuwa umepungua. Kwenye baadhi ya chupa ulikuwa umeshuka chini ya shingo mpaka begani, na juu ya kizibo kumeganda kitu cheusi kama lami.

"Fundi," aliniambia, "kama imekufa, mimi nimelinda nini?"

Nilimwonea huruma, kwa sababu nilielewa kwamba hazungumzii mvinyo peke yake.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye bohari la mvinyo huku chini Gikondo, karibu na magereji. Mwalimu alikwenda kumuuliza, na yule bwana alipoona picha kwenye simu alicheka kwa nguvu. Chupa zote zilikuwa zimesimama. Mvinyo wa kizibo, alimweleza, hulazwa ubavu ili kizibo kilowe na kivimbe. Ukiusimamisha miaka yote hiyo kizibo hukauka na kusinyaa, hewa ikaingia na mvinyo ukatoka. Mtu yeyote anajua hivyo, alisema. Mwalimu hakujua, au tuseme alikataa kujua. Aliporudi aliniambia kwamba katika baa zote alizozijua, chupa iliyolala ilikuwa chupa iliyokwisha, na mtu aliyelala pembeni yake alikuwa yeye. Alizisimamisha kwa makusudi. Hakutaka kitu chochote kilicholala katika nyumba yake.

Lakini yule bwana, baada ya kucheka, alimpa habari njema. Wiki hiyohiyo alikuwa amemwalika mtaalamu wa mvinyo wa zamani, mama mmoja wa Bukavu aliyesomea kazi hiyo Ufaransa, ambaye huzunguka kukagua chupa kuukuu za mahoteli na za watu wanaozikusanya. Hufungua, huonja, hujaza palipopungua na kuziba upya kwa kizibo kipya. Iliyo nzima huiwekea sahihi yake. Iliyokufa huizibia kizibo kitupu, bila sahihi. Mwalimu angeweza kuleta zake.

Tulizishusha kwa miguu. Nilipendekeza tuite teksi, akasema barabara ina matuta. Nilipendekeza toroli, akanitazama tu. Basi tulizipanga kwenye makreti mawili ya soda, tukazifunga na mabaki ya sponji kutoka dukani kwangu, yeye akabeba moja na mimi nikabeba jingine, na mtaa mzima ukasimama kumtazama fundi Mwislamu akiteremka na kreti la mvinyo kifuani, saa nne asubuhi, nyuma ya mlevi aliyeacha. Imamu wetu alikuwa akinunua vocha kando ya barabara. Nilimwambia nitamweleza. Alicheka, akasema itabidi nianzie mbali.

Bohari lilikuwa la baridi na safi, na yule mama alikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Nilisimama karibu na mlango kama mtu aliyemsindikiza ndugu polisi. Alikuwa mnene, mchangamfu, miwani kwenye kamba, na alipogundua kwamba tunasema Kiswahili aliachana na Kifaransa mara moja. Alivipapasa vile vitambaa shingoni akauliza ni nani aliyewavalisha watoto hawa vizuri hivi. Nikasogea hatua mbili kutoka mlangoni.

Alianza na chupa ya Daktari. Aliimulika, akakata kifuniko cha madini ya risasi kilichooza, akaingiza kifaa chenye miguu miwili myembamba kati ya kizibo na glasi, akakichezesha taratibu huku na huku mpaka kizibo kikapanda. Kilitoka vipande vipande, lakini jina la shamba na mwaka vilikuwa bado vinasomeka ubavuni mwake, na alipovisoma alinyanyua nyusi. Akamimina kidogo kwenye glasi. Akanusa, macho yamefungwa. Akaupeleka mdomoni, akauzungusha, akavuta hewa kwa sauti ambayo ningewakataza wanangu kuitoa mezani. Mwalimu alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi, akimtazama koo.

Yule mama akainama akatema kwenye ndoo.

Mwalimu akakaa. Hapakuwa na kiti karibu, kwa hiyo alikaa kwenye kreti. Uso wake ulibadilika nikaogopa. Tangu alipozaliwa alijua maana moja tu ya mtu anayeonja kinywaji na kukitema: kinywaji ni kibaya, na nyumba iliyokitoa imeaibika. Mimi pia nilijua maana hiyohiyo. Nilikwenda nikamshika bega, na kusema kweli machozi yalikuwa yananilenga.

Mama wa Bukavu aliendelea kuandika vitu vyake, kisha akainua macho, akashangaa kutukuta tuko msibani. "Muzee, iko nini?"

"Umetema," Mwalimu alisema. "Basi imekufa."

Alimwangalia kwanza bila kuelewa. Kisha akaelewa, maana naye ni mtu wa huku, na akaiweka kalamu chini. "Haapana, Baba. Minatema juu ya kazi. Kama minameza zote, mangaribi mutanibeba. Divai yako iko muzima. Iko muzima kabisa." Alipoona Mwalimu bado hajasimama, alichukua ile glasi, akazunguka meza, akaja mpaka mbele yake. "Kwetu pia mutu anaonjaka kwanza," alisema. Akanywa, akameza polepole, akimtazama machoni. Koo likapanda, likashuka.

Mwalimu alicheka mpaka akavaa kofia kinyume. Mimi nilicheka, mfanyabiashara alicheka, na watu wa hoteli waliokuwa wakisubiri na chupa zao walianza kucheka bila kujua kwa nini. Sijawahi kuona mvinyo ukimfurahisha mtu kiasi kile bila kuonjwa.

Kazi iliendelea mpaka mchana. Chupa moja tu ilikuwa imekufa, nayo, kwa bahati ya ucheshi, ilikuwa ile ya ndege, ya Mukecuru. Yule mama aliomba radhi, akaizibia kizibo kitupu. Mukecuru alipoipokea nyumbani alinusa, akasema ni siki nzuri, akaitia kwenye kachumbari mwezi mzima na kutuambia kwamba fungu lake ndilo lililokuwa na faida. Mfanyabiashara alitaka kutaja bei ambayo wakusanyaji wangetoa kwa zile zilizobaki, na Mwalimu akaziba masikio kwa vidole viwili kama mtoto.

Halafu likaja jambo la kujaza. Chupa zilizopungua haziwezi kuzibwa vile zilivyo, hewa iliyomo itazimaliza. Lazima zijazwe, na kitu bora cha kuzijazia ni mvinyo uleule. Yule mama alieleza kwamba hapa itabidi chupa moja nzima itolewe, imwagwe kwa nyingine. Achague mwenyewe. Nilidhani atasumbuka. Nilikuwa tayari kumshauri aanze na ya mchungaji. Mwalimu hakufikiri hata kidogo. Aliinyanyua ile ya miraba ya kijani na manjano, akakifungua kitambaa, akakikunja, akakitia mfuko wa shati.

"Hii."

Nilimuuliza ni ya nani, mtu huyo asije akadai baadaye. Alisema mwenyewe hatalalamika.

Ikamwagwa kidogo kidogo, kila chupa ikapata sehemu yake mpaka shingoni. Mama alipuliza hewa fulani maalumu juu yake ili kusukuma hewa ya kawaida, akaziba kwa mashine ya mkono, akafunga kifuniko kipya, akabandika karatasi ndogo yenye sahihi. Mwalimu alivirudisha vitambaa shingoni mwenyewe. Wakati wa kuondoka mama alizilaza zote ndani ya makreti. Mwalimu alizitazama kwa muda mrefu zikiwa zimelala, akaziacha hivyo.

Daktari alifika kiangazi kikiwa kimekolea, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mzee kuliko nilivyomkumbuka na Kinyarwanda chake kilikuwa kimebaki na hesabu peke yake, ambazo alizihesabu mpaka mia mbele yetu sote ili Mwalimu asikie. Waliitwa wote wenye vitambaa. Mimi niliitwa pia, nikapewa juisi ya maracuja, yaani pasheni, na nilidhani nimeitwa kwa ajili ya ushonaji. Ilipofunguliwa chupa ya koti jeupe, watu walimsubiri Mwalimu aonje, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba na ndiye miaka yote aliyesimamia desturi hiyo kwa ukali. Nilimwona Mukecuru akijishika mdomo, kama zamani dirishani.

Mwalimu alimimina kidogo, akainyanyua glasi, akaizungusha kama alivyomwona mama wa Bukavu. Kisha akampa Daktari. "Mutoaji ni wewe," alisema. "Onja. Mimi nilikuwa nalinda tu." Daktari akaonja na kumeza, akasema ni ule wa baba yake. Ndipo akawamiminia wengine, na baada ya kuiomba ruhusa aliyoikusudia, Mwalimu akaanza kuwagawia watu chupa zao, kila mmoja na kitambaa chake. Ilikuwa siku nzuri. Tuliimba hata mimi nisiyejua kuimba.

Lakini nilirudi nyumbani na wasiwasi. Shimo lilikuwa tupu sasa. Nilijiuliza mlinzi anafanya nini siku ambayo hakuna tena cha kulinda. Siku iliyofuata niliacha pazia wazi kidogo na birika jikoni. Jua likashuka nyuma ya mlima, pazia halikusogea. Kesho yake tena hivyo. Nilipitia upande wa baa kurudi nyumbani, nikiona aibu, nikichungulia. Mukecuru hakupokea simu. Nilishona suruali ya mtu miguu miwili ikawa na urefu tofauti, kosa ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Kisha jioni moja pazia likasogea kwa mkono wa kushoto, kichwa kikaingia.

"Fundi, chai iko?"

Nilimwambia iko, na kwamba akinifanya hivyo tena nitamshonea suruali ya mguu mmoja. Kumbe alikuwa amemsindikiza Daktari mpaka mji wa Huye, na Mukecuru pamoja nao, kuangalia watu wa zamani. Alikaa kwenye kiti chake. Akatoa mfukoni kile kitambaa cha miraba, akakiweka juu ya cherehani.

"Hujakijua bado?"

Nilikishika, nikakigeuza, nikakivuta nyuzi. Nilisema hapana, na iliniuma kusema hapana.

"Pazia yako," alisema. "Ya duka ile ya kwanza."

Duka langu la kwanza lilikuwa chini karibu na bondeni, kabla hatujahamishwa, ukuta kwa ukuta na baa. Pazia lake nililikumbuka vizuri sana, lakini nililikumbuka lilivyokuwa, limepauka kwa jua mpaka likawa rangi ya maziwa ya chai. Siku niliyohama nililitupa. Mwalimu aliliokota akakata kipande kutoka ndani ya upindo, mahali ambapo jua halikufika.

Akanieleza, bila kunitazama, kwamba zile jioni za mwanzo, alipotoka darasani miguu ilimpeleka yenyewe mpaka pale. "Milango iko miwili, Fundi. Moja iko na muziki. Moja iko na pazia. Mimi nilishika pazia." Ndiyo sababu hakuchelewa. Na ndiyo sababu hakuketi mpaka nijibu kwamba chai iko, maana kama haikuwepo, mlango wa pili ulikuwa hatua chache tu. "Chupa ilikuwa yako. Lakini wewe hunywi. Nikasema basi, kila mutu apate kidogo yako."

Nililia, na simwonei mtu haya kulisema. Alinisubiri nimalize kama alivyokuwa akinisubiri nitoe pini mdomoni. Baadaye nilikishona kipande kile kwenye kona ya pazia la sasa, upande wa mkono wa kushoto, pale anapolishika. Lakini jioni hiyo nilinyanyuka tu, nikachukua birika na kikombe chake. Nilimimina. Nikanywa funda moja mbele yake, nikameza, naye akanitazama koo mpaka likapanda na kushuka. Ndipo nikampa.